Mwanafunzi wako anamwandikia nani?

Wanafunzi wanaoingia darasa langu la stadi za mawasiliano, katika chuo kimoja cha kati hapa Nairobi, si wageni wa kuandika. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili huwapa saa 1 na dakika 45 waandike insha mbili, na ile ya lazima aghalabu huwa barua, ripoti, hotuba, kumbukumbu za mkutano au kitu cha aina hiyo. Muundo wanaujua. Ukiwaamsha usiku wa manane watakwambia anwani ya mwandishi inakaa upande gani. Hata sifa za sajili, yaani mtindo wa lugha wa mahali fulani, ya hospitalini na ya mahakamani watakutajia moja baada ya nyingine, maana isimujamii, yaani matumizi ya lugha katika jamii, ina alama 10 katika karatasi ya pili.

Wanachokosa ni msomaji. Miaka yote hiyo wamemwandikia mtu mmoja, mtahini, ambaye ni lazima asome hadi nukta ya mwisho na ambaye haombwi chochote ila alama. Kisha wanahitimu, na kila watakayemwandikia ana shughuli zake na ana uwezo wa kukataa.

Kwa hivyo mimi huanza na zoezi la maji. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa mgao, hakuna anayehitaji kuelezwa. Nawaambia: maji yamekatika hosteli tangu juzi. Mwandikie unayelala naye chumba kimoja, mwandikie msimamizi wa hosteli, mwandikie mama nyumbani. Ujumbe wa kwanza hutoka upesi na hutoka vizuri: "Maze maji imeisha tena. Ukikam leta mtungi." Hapo sigusi hata herufi. Msomaji yupo, sababu ipo, la kufanya lipo, na lugha yenyewe ni ya watu hao wawili. Namwomba mwanafunzi autazame tena ujumbe wake, kwa sababu karibu yote anayohitaji katika barua ya msimamizi tayari anayaweza. Huyaacha tu pindi anaposhika karatasi yenye mistari.

Barua ya msimamizi ndiyo huharibika. Msichana mmoja anayesomea upishi aliianza hivi: "Ninayo furaha na fahari kubwa kuchukua fursa hii adhimu kukuandikia waraka huu nikitumai kuwa u buheri wa afya." Maji yalitajwa aya ya tatu. Nikampa jirani yake wa dawati awe msimamizi, asome kwa dakika moja kisha aifunike karatasi. Nikamuuliza, "Umeombwa nini?" Akasema ameombwa awe na huruma. Mwenye barua akaichukua bila mimi kusema neno. Ilivyorudi, sentensi ya kwanza ilikuwa: "Mifereji ya orofa ya tatu haijatoa maji tangu Jumatatu asubuhi na tangi la juu ni tupu, tunaomba utuletee fundi leo, au utufungulie mfereji wa uani." Msimamizi akisoma hivyo, ana la kufanya.

Barua ya mama ndiyo niliyoipenda zaidi. Msichana huyo huyo hakutaja tangi wala hasira. Alisema yu salama, masomo yanaendelea, na kama mama ana shilingi 200 amtumie za kununulia maji. Wenzake wakataka kujua kwa nini ameficha mengine. Akajibu kwamba mama akiyajua atapanda gari usiku huo huo. Nawasihi walimu wenzangu mlipe jambo hilo nafasi darasani: cha kuacha, na unamwachia nani. Katika insha za mtihani mwanafunzi alizoea kumwaga kila alichonacho.

Baada ya hapo nafundisha jambo ambalo naona tunaliruka mno. Kabla ya kuandika, jiulize kama unaomba hisani au unadai haki. Barua ya kuomba basari, yaani msaada wa karo, inahitaji uielezee hali ya nyumbani, uambatanishe stakabadhi, ushukuru. Ya kuomba atachimenti, yaani nafasi ya mwanafunzi kujifunza kazini, ni ya watu wawili wanaotafuta kupatana: mwenye karakana kule Industrial Area anataka kujua unaanza lini, unakaa wiki ngapi, mikono yako imeshika kazi gani, na kama chuo kimekukatia bima. "Mimi ni kijana mwenye bidii" haimsaidii kupanga kazi yake.

Kisha kuna barua ya haki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba, inamruhusu raia yeyote kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Sababu zako za kuuliza haziongezi wala kupunguza haki hiyo. Unachotakiwa ni kueleza unachotaka hadi afisa aelewe.

Sijapata zoezi linalolipita hili. Kila kikundi hutafuta swali la kweli kutoka mtaani kwao: mtaro ulikarabatiwa kwa kandarasi ya nani, basari za wadi ziligawanywa kwa vigezo gani. Rasimu za kwanza hujaa kujitetea: "Sisi ni wanafunzi wanyonge wenye kiu ya elimu, tunaomba utuwie radhi kwa kukusumbua." Nawaambia wakate. Kinachobaki ni kifupi, na wengi hukiogopa, wanaona wamemvunjia mkubwa heshima. Hatuliharakishi hilo, kwa sababu kwetu heshima ni jambo zito na mwanafunzi ana haki ya kulifikiria. Tunakubaliana kwamba heshima inakaa katika "Bwana" au "Bibi", katika "tafadhali" na "wako mwaminifu", na haidai mtu aombe radhi kwa kuuliza linalomhusu. Kisha tunarudi kwenye ombi lenyewe. "Habari kuhusu barabara yetu" afisa hawezi kuitafuta kwenye faili yoyote. "Nakala ya mkataba wa ukarabati wa mtaro kati ya stendi na shule ya msingi, mwaka wa fedha 2023/2024" anaweza.

Barua hizo tunazituma, na hapa ndipo ninapowasihi zaidi: zisiishie kabatini kwa mwalimu. Nyingine hujibiwa. Nyingine hukaa kimya, na kimya hicho huzaa kazi nyingine ya kuandika: barua ya ukumbusho inayotaja tarehe ya ile ya kwanza, na ikibidi, ombi la mapitio kwa tume ambayo wengi tunaijua kama ofisi ya Ombudsman.

Siku hizi kuna wanaoleta barua iliyotungwa na akili unde. Sibishani nao. Naiweka mbele ya kikundi, nao wanauliza: orofa gani? Tangu lini? Fundi aliitwa? Mashine haikujua, mwanafunzi anajua, na hapo hapo anaanza kuandika upya.

Kuhusu kusahihisha, madarasa yetu ni makubwa na mwalimu ni mmoja, kwa hivyo usijaribu kusoma kila rasimu. Msomaji wa dakika moja ni mwanafunzi mwenzake. Mimi nasoma toleo la mwisho, na alama nyingi nazitoa kwa mambo mawili: kama ombi linaonekana mapema, na kama lugha inamfaa atakayesoma. Tahajia na muundo hupata zake, ila chache. Wapo wenzangu wasiokubali, wanasema mitihani ya vyuo bado inataka muundo. Ni kweli, na muundo ufundishwe, lakini vipindi viwili vitatu vinatosha kuwakumbusha walichotoka nacho sekondari. Muda unaobaki watafutie watu wa kuwaandikia: mwenye ploti, mkuu wa idara, chama cha akina mama mtaani kinachohitaji mtu wa kuandika kumbukumbu. Ongea na watu hao mapema, wakubali kwamba wakishasoma watamwambia mwanafunzi, bila kumbembeleza, walichoelewa na walichokosa.