Kliniki ya Homoni: Uulize Nini Kwanza?

SWALI: Mimi ni mwanamke transjenda, naishi Likoni, ng'ambo ya feri Mombasa. Kliniki mbili za mjini zinatoa homoni. Nichague ipi?

JIBU: Dada, chagua itakayokupima damu kabla ya kukuandikia dawa: ini, figo, potasiamu na viwango vya homoni, kisha irudie kila miezi 3 mwaka wa kwanza. Spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, hupandisha potasiamu, nayo ikizidi, mapigo ya moyo huenda mrama. Anayekupa bila kupima, muage. Wakikupa vidonge vya kupanga uzazi, kataa. Ethinili estradioli iliyomo, homoni ya kike ya kutengenezwa, huongeza hatari ya damu kuganda, hasa kwa mvuta sigara. Kibandiko cha ngozi cha estradioli, homoni ya kike ya kawaida, ni salama zaidi kwa mishipa ya damu, ila bei yake! Na mapokezi wataita jina lipi mbele ya foleni? Hilo uliza kwa simu, kabla hujapanda feri.