Kabla ya Injini, Nunua Pamba

Nilipomiliki mashua kwa mara ya kwanza, pesa yangu yote ilimezwa na injini. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeuza samaki hapa Kisumu, nikinunua mbuta (sangara) na ngege (sato) kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga, na machoni pangu mwenye chombo ndiye aliyekula vinono. Nikanunua mtumbwi wa mbao wa mkono wa pili, umepakwa rangi ukang'aa, nikaufungia injini ya farasi 8, nayo ya mkono wa pili. Kamba, kasia la ziada, ndoo ya kukumbia maji, hivyo nilisema vitakuja polepole.

Mwezi wa pili nikaingia mwenyewe, pamoja na vijana wangu, kuelekea upande wa kisiwa cha Ndere. (Wapo watakaosema mwanamke hapandi chombo cha kuvulia. Chombo ni changu na deni ni langu.) Gugumaji lilikuwa limetapakaa vipande vipande kwenye ghuba. Tukasikia "tak!" nyuma, kisha injini ikapiga kelele ya ajabu na mashua haisogei. Pini ya propela ilikuwa imekatika. Pini hiyo hutengenezwa ikatike yenyewe propela ikikwama, ili gia zipone. Ni kipande cha chuma kifupi kuliko kidole, na bei yake ni kama ya soda mbili. Hatukuwa nacho kingine. Kasia lilikuwa moja. Maji nayo yalikuwa yakipenya taratibu chini ya miguu yetu, tukawa tunayakumba kwa sufuria niliyobebea ugali, mpaka mashua ya omena (dagaa) iliyokuwa ikitoka jioni ikatuhurumia na kutuvuta.

Tangu siku hiyo nanunua kinyumenyume. Kwanza kinachozuia maji, pili kitakachoturudisha nyumbani, tatu nyavu. Injini mwisho.

Tuanze na mbao. Ukienda kutazama mtumbwi wa kununua, usiangalie rangi, kwa sababu rangi mpya mara nyingi ni kitambaa cha kufunika kidonda. Fundi mzee aliyenifundisha alikuja na msumari mmoja tu mkononi. Akaulaza mtumbwi ubavu, akawa anadunga kandokando ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kwenye maungio ya mbao, kimya, kama daktari. Palipo pazima msumari uligonga na kukataa. Palipooza ulizama kama unadunga boga lililopikwa. Kisha akabandua ukanda wa bati uliopigiliwa juu ya ungio moja, na chini yake mbao ilikuwa nyeusi, inanuka tope. "Mama, bati halizibi," akaniambia, "bati linaficha." Tazama pia vichwa vya misumari. Ukiona mchirizi wa kahawia unashuka kama chozi, msumari umeshaliwa ndani na kutu. Kwa kazi ya majini dai misumari iliyopakwa zinki, hata fundi akikwambia ya kawaida inatosha.

Kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, ndiyo kazi ninayokaa kuitazama bila kuchoka. Fundi husokota pamba kama msusi anavyosokota nywele, akailaza kwenye mwanya, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo dogo, akisikiliza. Sauti ikigeuka kuwa nzito, pamba imekaa. Asipige kupita kiasi, maana mbao ikilowa huvimba, na pamba iliyoshindiliwa kwa hasira inaweza kuzitenganisha mbao badala ya kuziziba. Kwa sababu hiyo hiyo, mtumbwi uliokaa juani wiki tatu usiuingize majini na kwenda nao kuvua usiku huo huo. Mbao zimesinyaa, utavuja kila mahali. Sisi huutia maji makusudi pale ufuoni penye kina kifupi, tukauacha siku mbili unywe mpaka ushibe. Majirani walinicheka mwanzoni, wakidhani chombo kimenizamia nikiwa nimesimama.

Wakati wa kuuvuta nchi kavu nao una hesabu yake. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na wengi huvuta vyombo vyao wiki ya kwanza tu ya Aprili. Hapo ndipo mvua ya masika inapomwagika! Utapaka rangi juu ya mbao iliyolowa, na kufika Septemba inabanduka kama ngozi ya nyoka. Mimi husubiri Juni, mvua ikishapungua. Natandika magogo, naugeuza mtumbwi, nauparua, nauacha ukauke kivulini, ndipo naleta fundi na rangi.

Vya kukurudisha nyumbani ni vichache, lakini visikose hata kimoja: makasia mawili, ndoo ya kukumbia maji iliyofungwa kwa kamba kwenye chombo (isiyofungwa itaondoka na wimbi la kwanza), nanga yenye kamba ndefu, tochi, na jaketi ya kuokolea maisha kwa kila kichwa. Jaketi ijaribuni majini mkiwa mmesimama mahali mnapogusa chini. Nilishauziwa moja iliyojaa sponji ya godoro. Ilielea dakika chache, ikanywa maji, ikawa mzigo. Simu iwekwe kwenye chombo kisichoingia maji. Tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku 2017, vijana wangu hutumia mkebe wa siagi ya njugu wenye kifuniko cha kuzungusha, na kwa kweli unashinda karatasi. Leseni na namba ya chombo ubavuni usingoje kukamatwa ndipo uvikumbuke. Jiandikishe kwa kamati ya ufuo wenu, mambo yaishe.

Nyavu ndizo zinazowafilisi wengi. Za mono, zile za uzi mmoja mwembamba wa plastiki, ni rahisi bei na zinavua kweli, lakini ni haramu, na siku zikikamatwa zinachomwa moto na mtaji wako ndani. Macho ya wavu, yaani matundu yake, chini ya inchi 5 kwa mbuta na ngege vilevile sheria haikubali. Mimi natumia inchi 6, na ninazungumza kama muuzaji: mbuta anayeruhusiwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85, sasa nivue watoto nimuuzie nani mchana?

Wavu mpya haujawa zana mpaka uvishwe kamba ya maboya juu na ya vizito chini. Kwa kila mita moja ya kamba, sisi hula mita mbili za wavu ulionyooshwa, yaani wavu unalegea nusu kwa nusu. Ukiubana sana kwenye kamba, macho yanafunguka vibaya na samaki anagonga na kurudi. Ukitoka majini, toa uchafu wote, suuza, anika kivulini. Jua la mchana huivunja nailoni kidogo kidogo bila wewe kuona, na utajua siku mbuta mkubwa atakapoupasua kama gazeti. Tundu la leo shona leo, likiwa la macho matatu. Na usiache nyavu zimetegwa bila mtu wa karibu, kwa sababu mwizi wa nyavu haogopi giza, na gugumaji likisukumwa na upepo huzikokota zote likaenda nazo.

Sasa injini. Kama ni ya kuchanganya oili na petroli, fuata kitabu chake. Yangu inataka lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unapata mililita 400. Vijana walikuwa wakikadiria kwa jicho. Oili ikipungua pistoni inakwama, ikizidi plagi inajaa masizi na injini haiwaki asubuhi ya baridi. Nikachukua chupa ya soda ya nusu lita, nikaichora mstari kwa msumari wa moto kwenye 400, ubishi ukaisha. Ikishawaka, tazama yale maji membamba ya kupoza injini yanayotoka nyuma kama mkojo. Yakikatika, zima hapo hapo, toa majani kwenye tundu la kuvutia maji. Kijana wa kwanza niliyemwajiri alisema "Mama, tufike kwanza." Tulifika, na silinda ikaungua.

Chini ya ubao wa nyuma nimefunga mkebe wa pili wa siagi ya njugu: pini tatu za propela, plagi mbili, koleo, waya, kipande cha sabuni ya mche cha kuzibia mvujo mdogo wa tangi, na bunda la pamba. Kila jioni kabla hawajaondoka natia mkono nahesabu. Juzi plagi moja ilikuwa haipo. Nahodha akaniambia alimuuzia mwenzake aliyekwama katikati ya ghuba. Nikamwambia alete hiyo pesa, nikanunua nyingine kabla chombo hakijasukumwa.