Maswali na Majibu ya TEHAMA: Kuhamisha seva ya ofisi kwenda kwenye wingu

SWALI: Habari za kazi. Niko Area D, Dodoma, na ndiye ofisa TEHAMA pekee katika asasi ya wakulima wa zabibu. Tuko wafanyakazi 14, wanne wako vijijini Chamwino. Seva yetu ina gigabaiti 400: nyaraka, barua pepe na data ya uhasibu. Umeme ukikatika kazi inasimama. Mkurugenzi anataka tuhamie kwenye wingu, yaani kompyuta za mtoa huduma zinazofikiwa kwa intaneti, ndani ya mwezi huu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kupima kasi ya kupakia, yaani kutuma data kutoka kwenu kwenda mtandaoni. Matangazo ya intaneti husifia kasi ya kupakua, nayo si inayohamisha seva. Pima saa 4 asubuhi watu wakiwa kazini, kisha saa 3 usiku. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 400 zinahitaji takriban siku saba na nusu usiku na mchana, umeme usikatike hata mara moja. Kwa hiyo punguza mzigo kwanza. Video, picha za semina za zamani na mafaili yaliyojirudia yabaki kwenye diski mbili za nje, kila moja mahali pake. Zikibaki gigabaiti 80, ni siku moja na nusu.

Mwambie mkurugenzi: mwezi huu barua pepe, mwezi ujao nyaraka. Siku mbili kabla ya kuhama, ingia kwenye mipangilio ya DNS (orodha inayoelekeza domeini, yaani jina lenu la mtandaoni, kwenye seva zake) ushushe TTL (sekunde ambazo mitandao mingine hukumbuka maelekezo hayo) ya rekodi za MX (zinazosema barua pepe ziende seva gani) hadi 300, ili mabadiliko yasambae kwa dakika tano badala ya saa nyingi. Hama Ijumaa jioni, na uiache seva ya zamani ikipokea barua kwa wiki nzima. Kinachowaponza wengi ni SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina la domeini yenu: wanaongeza rekodi ya pili badala ya kurekebisha iliyopo. Domeini huruhusiwa rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili ukaguzi unafeli, na ripoti mnazomtumia mfadhili zinaangukia kwenye spamu bila ninyi kujua. Washa na DKIM, saini ya kidijitali inayothibitisha kuwa barua imetoka kwenu.

Data ya uhasibu usiiguse bado. Faili la programu ya uhasibu likiwekwa kwenye folda inayojisawazisha (inayojinakili yenyewe kwenye wingu kila inapobadilika), programu huwa inaliandika huku usawazishaji unalipakia, na siku moja linagoma kufunguka. Libaki kwenye kompyuta ya mhasibu yenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) mpaka mpate toleo la mtandaoni.

Wenzako wa Chamwino wawekee folda zao zifunguke hata bila intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya nchi ikazorota; siku ya namna hiyo itarudi.

Sasa linalotutia wasiwasi zaidi: uko peke yako. Ukiugua, nani anaingia? Fungua akaunti mbili za usimamizi, tofauti na unayotumia kila siku, zote na uthibitishaji wa hatua mbili. Chapisha misimbo ya dharura (ya kuingilia hatua ya pili ikishindikana), ifunge kwenye bahasha, aitunze mhasibu kwenye kabati la chuma. Domeini iandikishwe kwa jina la asasi, na barua pepe ya kuirejesha isiwe ya domeini hiyohiyo, maana ikizimwa utakuwa umejifungia nje.

Na majina, simu na namba za NIDA za wakulima zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Muulize mtoa huduma data inakaa wapi, kisha wasilianeni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kupakia orodha hiyo.

SWALI: Nyaraka zikishakuwa kwenye wingu, bado nahitaji nakala rudufu? (Msomaji, Singida)

JIBU: Ndiyo. Usawazishaji hueneza na makosa: mtu akifuta folda kwake, inafutika kwa wote. Google Drive hufuta kabisa vilivyo kwenye taka baada ya siku 30. Kila Ijumaa nakili kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.