Moyo wa Simuni na Moyo wa Buchani: Kwa Mnaoanza Anatomia

Jaribio langu la kwanza la anatomia nilipata alama 31 kwa 100, na nilikuwa nimetazama video mpaka macho yakawa mekundu. Wakati huo nikikaa Likoni. Feri asubuhi, feri jioni, na foleni yote hiyo spika za masikioni hazinitoki. Video za moyo peke yake hazikupungua ishirini. Swali likaja: chora moyo, uonyeshe njia ya damu tangu inapoingia hadi inapotoka. Nikachora umbo zuri, limejaa kama embe boribo, kisha nikaweka kushoto mahali pa kulia. Kila kitu nilichoandika baada ya hapo kilikuwa kinyume.

Basi wadogo zangu mnaoingia uuguzi, ukliniki, maabara au famasia mwaka huu, tuanzie hapo. Picha ya mwili kwenye anatomia ni ya mtu aliyekukabili, kama mgeni uliyekaa naye baraza moja, uso kwa uso. Mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ini lake, ambalo ni la kulia, utaliona kushoto kwa karatasi. Wenye video wengi hawalisemi hili kwa sababu wanadhani mtu kazaliwa nalo. Mimi sikuzaliwa nalo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo, ila lilichukua muda kulitambua. Nilikuwa nafuata kila kitu. Kila rafiki akituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, nafungua. Leo mwalimu huyu, kesho yule, na kila mmoja ana mpangilio wake, rangi zake, majina yake. Sasa nawaambia wanafunzi wanaokuja wodini: chagua kitabu kimoja kiwe nyumba, vingine vyote viwe wageni. Mgeni hukaribishwa, hunywa chai, hurudi kwao.

Nyumba yangu ilikuwa Anatomy and Physiology cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani. Ni cha bure kihalali, si kile cha kuibiwa kinachopitishwa kundini na kurasa zimepinda. Kilitoka 2013, toleo la pili 2022, kina sura 28. Kipakue chote mara moja kwa Wi-Fi ya chuo, kikae simuni, maana ukikisoma mtandaoni kwa bando utalia kabla ya kufika kwenye mifupa. Na stima ikipotea usiku bado unacho. Msiiruke sehemu ya kemia, sura ya 2. Darasa letu zima tuliiruka tukisema hayo ni mambo ya sekondari. Tulipofika kwenye figo, sura ya 25, tukakuta sodiamu inaingia huku na potasiamu inatoka kule, na hakuna aliyejua ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, ni nini. Tulirudi nyuma kimyakimya, kila mtu kivyake.

Video zina kazi yake, lakini si ile niliyozipa mimi. Mfululizo wa anatomia na fiziolojia wa Crash Course, ulioko YouTube, una vipindi 47, kila kimoja kama dakika kumi, na Hank Green anaongea kama kondakta wa matatu ya Bamburi aliyeona polisi mbele. Punguza kasi. Kitazame kabla ya kusoma sura, ujue tu mji una mitaa gani, kisha ufunge uingie kitabuni. Khan Academy ni wa taratibu, wanachora kwa mkono huku wanaeleza, na kwa fiziolojia, yaani namna mwili unavyofanya kazi, huo ndio mwendo unaofaa. Ukikwama kwenye eneo moja tu la mwili, kwa mfano kwapa na neva zake, TeachMeAnatomy imepangwa kwa maeneo na inakwenda moja kwa moja. Kenhub ni nzuri ila sehemu kubwa ni ya kulipia. Sikulipa, na sijuti.

Zile programu za pande tatu, ambazo unauzungusha mwili kwa kidole? Nitasema ukweli wangu. Zinapendeza, zinachemsha simu, na usiku mzima unapita unageuza fuvu kama chapati kwenye chuma. Ukishajua jambo, zinakuonyesha kilicho nyuma ya kingine. Ukiwa hujui, ni mchezo.

Michoro ninayoipenda hadi leo ni ya zamani. Kitabu cha Henry Gray, kile kiitwacho Gray's Anatomy, kilichapishwa mara ya kwanza 1858, na toleo la Marekani la 1918 halina tena hakimiliki, kwa hiyo michoro yake 1,247 iko wazi mtandaoni, Wikimedia Commons, unachukua upendavyo. Aliyechora toleo la kwanza ni Henry Vandyke Carter, daktari ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi Bombay, ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Jina kubwa alilichukua Gray. Michoro ile ina mistari michache na majina yameandikwa juu ya kiungo chenyewe, kwa hiyo ni rahisi kuinakili kwa penseli. Lakini maandishi yake yaacheni, yamezeeka.

Na anayetaka kuona mwili kama ulivyo, si kama ulivyopambwa, atafute Visible Human Project ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Walichukua maiti ya mwanamume iliyotolewa kwa ajili ya sayansi, wakaigandisha, wakaichonga milimita moja moja na kupiga picha kila tabaka. Picha hizo zilitolewa 1994. Za mwanamke zilifuata 1995, tabaka zake za theluthi moja ya milimita. Fikiria boflo iliyokatwa vipande, kila kipande ukikiinua unaona mkate ulivyo ndani. Siku utakapowekewa mbele yako picha ya CT, ile ya mashine ya eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, utashukuru, kwa sababu CT nayo ni boflo hiyo hiyo.

Tahadhari moja kabla sijasahau. Siku hizi kuna picha zinazotengenezwa na akili bandia, zimejaa mitandaoni, zinang'aa kuliko za kweli. Nimeletewa moja yenye figo tatu. Nyingine majina yake si lugha yoyote, ni herufi tu zimepangwa. Ukiona picha haina mwenyewe, haina kitabu ilikotoka, usiichukue hata kama imependwa na watu elfu.

Sasa lile lililonitoa kwenye 31. Mwanafunzi mwenzangu, kijana wa Kisauni mwenye maneno machache, alinichukulia simu, akaigeuza kifudifudi, akanipa karatasi tupu. "Haya, chora." Sikuweza. Dakika tano zilizopita nilikuwa natikisa kichwa mbele ya video, najua, najua. Kumbe anayejua ni yule wa kwenye video. Tangu siku hiyo kila sura niliifunga na karatasi tupu: nachora nilichokumbuka kwa kalamu ya buluu, nafungua kitabu, nilichosahau nakiongeza kwa nyekundu. Nyekundu ndiyo ya kusoma kesho. Michoro yangu ilikuwa mibaya kweli, ini kama kandambili, lakini mishipa ilikuwa inaingia panapostahili.

Kwa majina nilitumia Anki, programu ya kadi za maswali na majibu. Kwenye Android ni bure, AnkiDroid, na inafanya kazi bila intaneti, hata katikati ya kivuko. Inakuuliza jina ulilokosea upesi, na ulilopata inalichelewesha siku, kisha wiki, kisha mwezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kulipima hili la kusahau akaandika 1885, wala hakuwa na simu. Kosa langu hapo: nilipakua furushi la kadi za mtu mwingine, maelfu, nikashindwa siku ya nne. Tengeneza zako, kumi na tano au ishirini kwa siku, kwa maneno yako.

Na sentensi za kukumbukia tungeni kwa Kiswahili. Zile za Kizungu za neva 12 za kichwa zilinipotea kila mara kwa sababu hazina maana kwangu. Yangu ni hii: Oa, Omari, oa! Tumechoka, tunataka arusi; fedha, vyombo, godoro, vitanda, asumini, halwa. Olfaktori, optiki, okulomota, troklea, trijemino, abdusensi, fesho, vestibulokoklea, glosofarinjia, vagasi, aksesori, haipoglosa. Omari mwenyewe ni binamu yangu. Hajaoa bado.

Fiziolojia haisomwi hivyo. Haina mengi ya kukariri, ina mengi ya kuuliza: kisha inakuwaje? Na namba zake uzigeuze kitu unachokijua. Figo zako mbili zinachuja kama lita 180 kwa siku. Niliisoma namba hiyo mara kumi bila kuisikia, mpaka siku moja Majengo nikapishana na mkokoteni wa maji. Mitungi ya lita 20, tisa. Mzigo wote ule, mwenye nao anatokwa na jasho, ndio unaopita kwenye figo zangu toka asubuhi hadi asubuhi, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu, chupa moja kubwa ya dukani. Iliyobaki imerudishwa. Hapo ndipo nikauliza, imerudishwa na nani, kwa njia gani, na nefroni, kile kichujio kidogo ndani ya figo, ikaanza kunieleza yenyewe. Moyo nao: kila pigo unatoa kama mililita 70, mapigo 70 kwa dakika, zidisha. Karibu lita tano, na damu yote uliyo nayo ni kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kila dakika damu nzima imezunguka.

Jihadharini na vipimo vya Marekani. Sukari yao ni miligramu kwa desilita, na hapa wodini tunaandika milimoli kwa lita. Ukisikia 90 usishtuke, gawanya kwa 18, ni 5. Joto lao 98.6 ndilo 37 letu. Wakisema epinefrini ni adrenalini, asetaminofeni ni paracetamol, albuterol ni salbutamol. Mwenzetu mmoja alijibu mtihani mzima wa sukari kwa vipimo vya video, na msahihishaji hakuwa na huruma.

Simu ina mpaka wake. Nendeni buchani. Mimi nilikwenda Mwembe Tayari nikaomba moyo wa mbuzi ambao haujapasuliwa, na mwenye bucha akaniuliza kama nafanyia uganga. Vyumba ni vinne kama vyetu. Uminye kwa vidole: upande wa kulia ni laini, ukuta mwembamba, wa kushoto ni mgumu na mnene, kwa sababu wa kulia unasukuma damu hadi mapafu tu, hapo jirani, na wa kushoto unaipeleka hadi kwato. Sikuchanganya tena kushoto na kulia. Kabla ya kuupasua, mimina maji taratibu kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka upande wa kushoto. Yanakaa! Vali, yaani kimlango cha damu, imejifunga chini yake. Kisha pasua, utaona nyuzi nyeupe zimeshika vali kama kamba za tanga, na juu kidogo ya vali ya aota vitundu viwili, ndipo ateri za koronari, zinazoulisha moyo wenyewe, zinapoanzia. Hizo ndizo zinazoziba watu wakaanguka. Baadaye tuliukaanga kwa pilipili na ndimu. Kwetu hakitupwi kitu.

La mwisho haliko kwenye tovuti yoyote niliyoitaja, nanyi mtalihitaji siku ya kwanza wodini. Mgonjwa hajasoma OpenStax. Nikiwa mwaka wa pili nilimwuliza bibi mmoja, "Waumwa wapi, mama?" Akajibu, "Hapa mwanangu, chembe cha moyo." Nikaandika maumivu ya moyo, nikakimbia. Sista wa wodi akarudi nami kitandani, akamwomba bibi aweke kidole panapouma. Akakiweka chini ya kidari, pale mbavu zinapoachana, juu ya tumbo. Chembe cha moyo ndipo hapo, na aghalabu kilicho nyuma yake ni tumbo la chakula. Si kwamba moyo hauwezi kuuma pale, unaweza, ndiyo maana sista alimpima vyote. Ila mimi sikuwa nimeuliza, nilikuwa nimetafsiri.

Neno mshipa ni hivyo hivyo. Kitabuni ni njia ya damu. Kwa mzee wa hapa Pwani inaweza kuwa neva, inaweza kuwa ukano, na akisema kwa sauti ya chini "nina mshipa", huenda ni ngiri au busha, na anangoja umtoe yule msichana mwanafunzi nje kwanza. Nina daftari la maneno haya tangu mwaka ule. Juzi mzee mmoja aliniambia ana kisunzi. Nikamwuliza, "Babu, nyumba yazunguka, au waona giza ukiinuka?" Nyumba ikizunguka nawaza sikio la ndani. Giza akiinuka nawaza shinikizo la damu na dawa anazomeza. Akafikiri kidogo, akasema, "Giza. Nikiinuka alfajiri kwenda kutia udhu." Nikaenda kuchukua mashine ya presha, nikampima amelala, kisha nikampima amesimama.