Siri ya mgonjwa ndani ya WhatsApp

SWALI: Ninaishi Wete, na daktari anayenitibu matatizo ya uzazi yuko Unguja. Ili kuniokolea nauli ya boti, ameniambia nimpelekee majibu ya vipimo kwa WhatsApp. Programu yenyewe inaeleza kwamba hakuna mtu mwengine anayeweza kuusoma ujumbe. Je, niyategemee maneno hayo, hali ya kuwa simu yangu huitumia pia wanangu?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Bibi, maneno hayo ni ya kweli, lakini yanahusu safari ya ujumbe tu. Tangu Aprili 2016, WhatsApp husimba kila ujumbe, yaani huugeuza usisomeke, ndani ya simu ya mtumaji, na ufunguo wa kuusimbua umo katika simu ya mpokeaji, kwa hiyo si kampuni ya simu wala WhatsApp wenyewe wanaoweza kuyasoma majibu yako yakiwa njiani, ingawa WhatsApp hujua kuwa nambari yako imewasiliana na ya daktari, na saa ngapi. Ujumbe wa SMS hauna kinga hiyo, wala mazungumzo ya kawaida ya Telegram.

Ninaloliogopea zaidi ni simu zenyewe. Picha ya karatasi ya vipimo uliyoipiga hubaki kwenye albamu, pamoja na picha za harusi na za watoto, na mwanao ataifungua bila ya kukusudia ubaya wowote. Ifute ukishaituma. Yafunge mazungumzo ya daktari kwa nambari ya siri, na uzuie maneno ya ujumbe yasitokeze kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Nakala rudufu ya mazungumzo, yaani akiba inayohifadhiwa mtandaoni katika Google Drive, nayo haisimbwi namna hiyo mpaka uiwashe mwenyewe kinga iliyoanza kutolewa mwaka 2021.

Daktari ana wajibu mkubwa zaidi kuliko wako, na una haki ya kumuuliza: je, WhatsApp yake imeunganishwa na kompyuta ya ofisini ambayo wengine huikalia? Picha yako ataipeleka kwenye kundi la madaktari kuomba shauri? Kuomba shauri si kosa, ila lazima uwe umeridhia, na jina lako na nambari ya faili viwe vimefichwa.

Na ikiwa majibu yanagusa jambo ambalo hujamwambia hata mumeo, mwombe daktari akupigie kwa WhatsApp saa utakayokuwa peke yako, kwani simu hizo nazo husimbwa, na msiandikiane chochote.