Je, kupima jeni za saratani ni sawa na kupiga ramli?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yangu alifariki kwa saratani ya ovari, na mama mdogo kwa saratani ya titi. Dada yangu aliye Uingereza amepimwa, akakutwa na hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA1. Madaktari wake wanashauri na sisi ndugu tupimwe. Nina miaka 33 na watoto wawili. Ustadhi wa mtaani kwetu anasema kipimo hicho ni kutafuta ghaibu, ni ramli tu, na anayekwenda hana tawakkul, yaani hamtegemei Allah. Naogopa kufa, na naogopa kumuasi Mola wangu.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Allah awarehemu marehemu wenu. Swali lako nimelitanguliza kwa sababu ya maneno yako ya mwisho. Aliyekufanya uchague kati ya uhai wako na dini yako amekudhulumu.

Kupima kunajuzu, na kwa hali yako ni jambo jema.

Mpiga ramli huchora mchangani akadai kujua alilolificha Allah. Daktari anatazama damu yako! Hitilafu hiyo, kama unayo, unayo tangu tumboni mwa mama yako. Kuisoma si ghaibu, kama kupima presha kusivyokuwa ghaibu. Wala hakuambii "utaugua". Anasema kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, takriban 70 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na kama 44 hupata ya ovari. Nani atasalimika? Hiyo ndiyo ghaibu, na hakuna maabara inayodai kuijua.

Ustadhi huyo hajasoma hadithi ya bedui aliyemshuku mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi? Mtume (s.a.w.) alimuuliza kuhusu ngamia wake wekundu: mbona wamo wa kijivu? Akajibu, huenda ni asili imewavuta. Akaambiwa na mwanao huenda asili imemvuta. Imo katika Bukhari na Muslim. Kurithi si uzushi wa hospitali.

Na kuhusu tawakkul, khalifa Umar alipogeuza safari asiingie nchi ya Sham yenye tauni, sahaba Abu Ubayda alimuuliza: unaikimbia qadari ya Allah? Akasema: ndiyo, tunaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Nani basi amjaribu Umar kwa tawakkul?

Kuondoa ovari au matiti kabla ya ugonjwa ni mas'ala mazito zaidi. Naona kunajuzu madaktari waaminifu wakithibitisha hatari, kwani hadithi inayowakemea wanaochonga meno imelifungamanisha katazo la kubadili umbile na kutafuta uzuri, na wewe hutafuti uzuri. Kwa BRCA1 ovari hushauriwa kuondolewa kati ya miaka 35 na 40, baada ya kumaliza kuzaa. Usiamue leo.

Mshirikishe mumeo kabla ya kupima. Kaka zako nao waambiwe: mwanamume huibeba na kuirithisha nusu kwa nusu sawa na mwanamke, kwa hiyo asije mtu akasema "damu mbaya ya wanawake wa ukoo ule" mbele ya binti zenu. Lakini msiitangaze kwenye kundi la WhatsApp la familia. Majibu ni amana ya mwenye mwili.

Mwombe dada nakala ya majibu yake uende nayo, ili maabara itafute hitilafu ile ile aliyokutwa nayo. Usipokutwa nayo, hatari aliyoirithi dada yako wewe hukuirithi, na binti zako hawawezi kuipata kwako. Wallahu a'lam.