Re: Kuvaa kilti na yunifomu ya jeshi kumuenzi babu wa mke wangu

Mkuu nimekuelewa, babu wa mkeo alikuwa Gordon Highlanders, kikosi cha Waskoti kwenye jeshi la Uingereza, akapigana El Alamein kule Misri 1942 vita ya pili ya dunia, na we unataka kutokea kwenye kumbukumbu ya wanajeshi pale Aberdeen, Uskoti, Novemba ukiwa na kilti (ile sketi ya wanaume wa Kiskoti) pamoja na koti la jeshi la kuigiza. Nia safi ila koti liache, Uingereza kuna sheria ya 1894 inakataza raia kuvaa yunifomu ya jeshi bila ruhusa, mchezo wa jukwaani ndo unaruhusiwa, na hata polisi wasipokugusa wazee waliotumikia watakununia siku nzima.

Vaa kilti yenyewe na koti la kiraia la twidi, bila beji wala cheo. Kitambaa chao ni kijani na bluu iliyoiva chenye mstari wa njano, hicho raia anavaa tu. Marinda yakae nyuma, na kule mbele ambako kitambaa kinapandana, ile pini kubwa choma tabaka la juu peke yake, mi ya kwanza nilichoma matabaka yote mawili nikakaa kwenye kiti ikachanika chwaa!

Medali za babu zinakaa kifua cha KULIA, kushoto ni za mwenyewe aliyezipata. Ukiwa na wasiwasi waulize makumbusho ya kikosi hapohapo Aberdeen. Na likizo ya Bongo usije nayo hiyo nguo ya jeshi, huku utalala ndani.